Nilitia vema kila usiku, kumbe vidonge viko kwenye soksi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa kambo. Natanguliza hilo kwa sababu shida yangu inaanzia hapo. Binti wa mume wangu nimemlea tangu ana miaka 6, leo ana 15. Ananiita Mama Mdogo. Mama yake mzazi yupo, anaishi mbali, huongea naye kwa simu.

Miaka miwili iliyopita alianza kuamka kope zimevimba. Tukadhani ni mzio. Kisha ikawa miguu, kisha mkojo ukawa na povu kama la sabuni, unamwaga maji na bado limebaki. Tulipofika hospitali tukaambiwa ni lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, na tayari imeingia kwenye figo. Walimtoa kinyama kidogo cha figo kwa sindano, wakasema uharibifu uko daraja la 4. Akalazwa, akatundikiwa dripu za stiroidi siku tatu, akarudi nyumbani na mfuko wa vidonge: prednisoloni, ambayo ni stiroidi ya kumeza, mikofenoleti na haidroksiklorokwini za kutuliza kinga, na cha presha.

Kazi ya dawa ikawa yangu. Nilibandika kalenda nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila usiku nampa vidonge na kikombe cha maji, anatia mdomoni nikimwona, ananirudishia kikombe, natia alama ya vema. Mwaka wa kwanza haujaisha, protini kwenye mkojo, ile inayovuja figo zikiumwa, ilishuka hadi gramu 0.4 kwa siku. Daktari aliisifu kalenda yangu mbele ya manesi. Nilijiona mtu, Shangazi, siwezi kukuficha.

Miezi mitatu iliyopita protini ikaanza kupanda. Sasa iko 2.3. Daktari anasema inaelekea dawa zimeshindwa. Baada ya wiki tatu anataka kuchukua tena kinyama cha figo, na huenda akamwanzishia saiklofosfamidi, dawa kali zaidi ya kushusha kinga, ambayo mume wangu amesoma kwamba inaweza kuharibu kizazi. Daktari aliniuliza, "Dawa anameza?" Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya kalenda.

Juzi nilikuwa nakunja nguo zake. Kwenye kona ya chini ya droo kulikuwa na soksi moja kuukuu ya michezo, nzito kwa mbele. Nikaimwaga kitandani. Prednisoloni, vile vidogo vyeupe, 43. Mikofenoleti, vikubwa vya zambarau, 6. Vingi vilikuwa vimemomonyoka kingo, yaani vilifika mdomoni vikarudi.

Aliporudi nilimwonyesha. Hakulia. Alitoa kitambulisho chake cha shule cha zamani, akakiweka kando ya shavu lake, akaniambia, "Huyu ndiye mimi." Shuleni wanamwita Puto. Mapaja yamejaa michirizi, hataki kuvua sweta hata kukiwa na joto. Kisha akasema, "Ukimwambia baba au daktari, sitakuambia tena kitu maisha yangu yote." Najua anamaanisha. Huyu ni mtoto ambaye ilimchukua miaka minne kukubali nimsuke nywele.

Kuna jambo jingine. Baba yake amepiga marufuku neno "figo kufeli" ndani ya nyumba. Binti ameambiwa ana tatizo la damu litakaloisha. Mume wangu usiku husoma kwenye simu habari za watoto walioishia kwenye mashine ya kusafisha damu, halafu hageuki kuniangalia. Na mawifi zangu wakijua, swali lao nalijua: mama wa kambo alikuwa wapi dawa zikifichwa?

Nikisema, nampoteza. Nikinyamaza, atapewa dawa kali kwa sababu ya kalenda yangu ya uongo. Na nijibu hili pia, tafadhali, maana hakuna wa kuniambia: watoto kama huyu huishia wapi?

Mama Mdogo

*

Marahaba, Mama Mdogo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwenye hesabu. Vyeupe 43, zambarau 6. Ulivihesabu wewe mwenyewe, lakini nadhani kwa mshtuko hukuona hesabu hiyo inasema nini. Prednisoloni ndiyo inayouzungusha uso, inayoleta michirizi na chunusi. Mikofenoleti haifanyi hivyo. Kama soksi inasema kweli, binti yenu alikuwa anachagua: dawa iliyomchukulia uso aliitema, nyingine akaimeza siku nyingi. Naweza kuwa nimekosea, maana soksi haihesabu vilivyokwenda chooni. Hata hivyo ningeanzia hapo, kwa sababu mtoto aliyechoka kutibiwa ni tofauti na mtoto anayetaka uso wake urudi. Huyu wa pili ana jambo mnaloweza kuzungumza naye.

Na hapo pana uchungu wake. Prednisoloni katika ugonjwa huu haipangwi iendelee kwa dozi kubwa. Huanza juu, kisha hushushwa kidogo kidogo kadiri figo zinavyotulia, na siku hizi madaktari hulenga kufika miligramu 5 kwa siku au chini ya hapo. Dozi ikishuka, uso nao hupungua. Michirizi hufifia polepole ingawa haiondoki yote, na hilo aambiwe bila kupakwa sukari. Lakini ugonjwa ukiamka, dozi hupandishwa tena. Kwa hiyo kila kidonge alichokitia kwenye soksi kilikuwa kinamsogeza mbali na ile picha ya kitambulisho. Nani alimweleza? Mnamwambia ana tatizo la damu. Mtu hawezi kuvumilia uso wa puto kwa ajili ya figo asizojua kwamba zinaumwa.

Sasa swali lako. Watoto hawa huishia wapi?

Nianze na ya zamani, kwa sababu nashuku baadhi ya yale anayosoma mume wako usiku yanatoka huko. Katikati ya karne iliyopita, kabla ya dawa hizi kuzoeleka, karibu nusu ya wagonjwa wa lupasi hawakufika miaka mitano tangu kugunduliwa. Leo, pale dawa na kliniki zinapopatikana, zaidi ya watoto 9 katika 10 huivuka miaka hiyo mitano, na wengi wanakua, wanasoma, wanaoa na kuolewa. Kwa upande wa figo zenyewe picha ni ngumu kidogo. Lupasi inayoanza utotoni hupenda figo kuliko ile ya watu wazima. Zaidi ya nusu ya watoto hawa huguswa huko. Daraja la 3 na la 4 ndiyo yanayoogopwa. Katika watu wote wenye lupasi ya figo, kati ya asilimia 10 na 30 figo zao hufika mwisho wa kazi kadiri miaka inavyopita. Soma takwimu hiyo kutoka pande zote mbili: si ndogo kiasi cha kuipuuza, na walio wengi hawamo ndani yake.

Tena hata hao wanaofika huko hawajafika kaburini. Wapo wanaosafishwa damu, wapo wanaopandikizwa figo, na figo iliyopandikizwa kwa mgonjwa wa lupasi kwa kawaida hudumu karibu sawa na kwa wagonjwa wengine. Lupasi kuirudia figo mpya na kuiua hutokea mara chache. Mume wako angelijua hili, pengine angelala upande wako.

Kitu kinachotabiri vizuri zaidi mtoto yupi ataangukia wapi ni jibu la mwili kwenye dawa, hasa protini ya mkojo baada ya mwaka mmoja. Aliye chini ya gramu 0.7 au 0.8 kwa siku wakati huo ana matumaini makubwa ya figo zake miaka mingi baadaye. Binti yenu alifika 0.4. Usilipite hilo haraka. Maana yake kuna kipindi vidonge vilikuwa vinamezwa vizuri, na figo zikaitika. Kalenda yako haikuwa ya uongo tangu mwanzo.

Kinachofuata ndicho wazazi wengi hawaambiwi mapema: baada ya figo kutulia, matibabu huendelea angalau miaka mitatu, na mara nyingi zaidi. Huo ni muda mrefu kwa mtu wa miaka 15. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, ni karibu nusu tu ya wenye magonjwa ya muda mrefu wanaofuata dawa zao inavyotakiwa. Na umri wa kubalehe ni miongoni mwa iliyo migumu zaidi. Daktari anayetibu vijana amekwisha kusikia habari za vidonge chini ya godoro, kwenye vyungu vya maua, mdomoni mwa mbwa. Soksi yenu haitamshangaza.

Hapo nataka kukugusa kidogo kwenye dhana mbili.

Ya kwanza: kwamba vidonge vilivyofichwa ndivyo vilivyopandisha protini, basi, kesi imekwisha. Inaelekea hivyo, na mimi ningeweka dau hapo. Lakini lupasi huamka pia kwa watu wanaomeza kila kitu kwa saa. Kinyama cha figo huenda bado kikahitajika, maana ndicho kinachotenganisha moto unaowaka, ambao dawa huuzima, na kovu, ambalo dawa hailiondoi. Ukisema ukweli hujafuta miadi ile. Umempa daktari kipande alichokikosa. Kwa alichonacho sasa, anaona mtoto anayemeza vyote na bado anazidiwa, na kwa picha hiyo ni haki yake kufikiria dawa nzito. Akijua kuwa prednisoloni haikuingia, anaweza kurudi kwenye mpango uleule ukasimamiwa vizuri, au akatafuta njia ya kutumia stiroidi kidogo zaidi. Kuna dawa mpya pia. Belimumabu, kwa mfano, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa watoto wenye lupasi ya figo kuanzia miaka 5. Na ikiwa saiklofosfamidi italazimika, hofu ya kizazi ni ya kweli lakini inategemea jumla ya dozi na umri. Upo mpango wa dozi ndogo, miligramu 500 mara sita kila baada ya wiki mbili, ambao hatari yake kwa mayai ya mwanamke ni ndogo. Muulizeni daktari kwa wazi kuhusu hilo, tena binti akiwepo, kwa kuwa kizazi ni chake. Hata mikofenoleti anayoitumia sasa haitakiwi wakati wa ujauzito, na msichana wa miaka 15 anastahili kuisikia habari hiyo kabla haijawa dharura.

Ya pili: kwamba kusema ni kumsaliti. Niliyasoma maneno yake, "sitakuambia tena kitu." Mtoto hutishia kukunyima kitu ambacho tayari unacho. Ilikuchukua miaka minne kushika nywele zake, na juzi alikuonyesha uso wake ukiwa kando ya uso wake wa zamani. Baba hajaonyeshwa. Mama mzazi hajaonyeshwa. Sisemi tishio ni la bure. Anaweza kununa miezi. Nasema kwamba siri yake na namna ya kuitoa ni vitu viwili, na hicho cha pili bado hamjakizungumza.

Njia zipo kadhaa, na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kunyamaza, ukamsimamia kwa ukali wiki hizi tatu, ukafungua mdomo wake kama askari, ukaombea vipimo vishuke. Naelewa inavyovutia. Lakini protini haishuki kwa ratiba ya mtu. Madaktari wenyewe huhesabu nafuu kwa miezi, miezi mitatu, sita, mwaka. Wiki tatu zitaisha na daktari ataamua akiwa gizani. Tena kuna vipimo vya damu vinavyoweza kuonyesha kama baadhi ya dawa, haidroksiklorokwini na mikofenoleti zikiwemo, ziko mwilini. Siri inaweza kutoka kwa mlango ambao hamkuuchagua. Katika njia zote, hii ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi.

Unaweza kumpigia nesi au daktari mwenyewe, kimya kimya, umwombe asimtaje aliyemwambia. Taarifa itafika upesi. Ila binti si mjinga: akiulizwa ghafla habari za soksi atajua imetoka kwa nani, na hapo neno usaliti litakuwa na uzito.

Unaweza kumwambia mume wako kwanza. Yeye ni baba, na siku atakayogundua kwamba ulijua ukakaa kimya, jeraha hilo litakuwa lenu wawili. Swali ni atalipokeaje. Mtu anayesoma habari za mashine usiku na kukatazana maneno mchana anaogopa sana, na mwenye hofu hufoka. Ukiamua kumwambia, ningemwambia kitu kingine kabla ya soksi: kwamba umegundua anachosoma, na kwamba wewe pia unaogopa.

Au unaweza kurudi kwa binti na kumpa siku chache, useme wazi ni chache, ili aseme mwenyewe. "Daktari lazima ajue kabla ya sindano ya figo. Nataka umwambie wewe, mimi nikiwa pembeni, au nikiwa nje ya mlango ukipenda." Kliniki nyingi za vijana hutenga dakika za mgonjwa kuongea na daktari bila wazazi; ukipiga simu kuomba hilo tu hujavunja siri yoyote. Anaweza kwenda na kitambulisho kile. Aulize mwenyewe lini uso utarudi, dozi itashuka lini, kama kuna dawa nyingine. Faida ya njia hii ni kwamba anatoka pale akiwa mtu aliyeuliza maswali yake, hajawa mshtakiwa. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa, siku zikapita, nawe ukajikuta umerudi kwenye kunyamaza. Kwa hiyo kabla hujaingia chumbani kwake, ujue moyoni utafanya nini akikataa, na umwambie.

Lolote utakalochagua, kuna mambo ya usiku wa leo. Usimmezeshe vidonge alivyokwepa ili kufidia. Wala asiache prednisoloni ghafla kwa hasira: mwili uliozoea kuipata kila siku husahau kutengeneza homoni yake, na mtu anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, hata kuzimia. Ukiona dalili hizo, au mkojo umepungua, kichwa kinauma sana, uso na miguu vimevimba kwa kasi, au homa imepanda, msisubiri miadi. Mwende siku hiyohiyo na useme kila kitu pale pale, yaani hapo habari ya siri imekwisha.

Kuhusu marufuku ya baba, sitamhukumu; anamkinga mwanawe kwa silaha aliyonayo. Ila mtoto wa miaka 15 mwenye simu, anayesikia neno lupasi kliniki kila mwezi, ni vigumu kuamini hajawahi kulitafuta. Huenda anasoma kurasa zilezile anazosoma baba yake, saa zilezile, kila mmoja chumbani kwake akimficha mwenzake. Wakikaa na daktari pamoja akawapa takwimu nzima, na ile nusu nzuri ya takwimu ikiwemo, nadhani wote wawili watatoka wamepungukiwa mzigo. Huo ni mtazamo wangu, nyumba ni yenu.

Mawifi waache kwanza. Wakiuliza mama wa kambo alikuwa wapi, jibu lipo: alikuwa anakunja nguo, akaona soksi ni nzito.

Na kalenda, usiing'oe. Ongea naye, kisha mpe yeye kalamu. Siku aliyomeza atie vema mwenyewe, siku aliyoshindwa aache wazi, na kalenda hiyohiyo, yenye mapengo yake, ndiyo iende kwa daktari. Ukikuta kisanduku kitupu usimuulize usiku huo. Muulize asubuhi, mkiwa mnasukana.